Konsoli na viti vya faiba vya boti ya mpira

Konsoli ya boti ya mpira ni kisanduku kinachosimama juu ya sitaha na kubeba usukani, mkono wa gia na mafuta, saa za mashine, dira na swichi za umeme, ili nahodha aweze kuendesha boti bila kushika kana ya mashine iliyopachikwa tezini. Mara nyingi konsoli huundwa pamoja na kiti chake, na vyote viwili hutengenezwa kwa faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa ndani ya resini. Konsoli zilizo tayari huuzwa na viwanda, lakini mafundi na wenye boti wengi hujitengenezea, kwa kuwa boti za mpira hutofautiana sana kwa upana wa sitaha na konsoli ya dukani huweza kuwa kubwa au nzito mno kwa boti ndogo.

Ugumu wa kazi hii hautokani na umbo la kisanduku. Mirija ya hewa inayoizunguka boti haiwezi kupigwa skrubu wala kuegemezwa kitu kizito chenye kingo kali. Kwa hiyo uzito wa nahodha, nguvu ya mikono yake anapojishikilia kwenye usukani, na vishindo vya mawimbi vyote huishia kwenye eneo dogo la sitaha. Konsoli ikilegea au kung'oka wakati boti iko kasi, nahodha hupoteza usukani na pahali pa kujishikilia kwa mara moja.

Historia

Boti za mpira za mwanzo ziliendeshwa kwa kana. Nahodha alikaa juu ya mrija karibu na tezi, mkono mmoja nyuma kwenye mashine, huku akigeuza shingo kutazama mbele. Mtindo huo unafaa kwa mashine ndogo na mwendo wa polepole, na hadi leo ndio unaotumika kwenye boti nyingi fupi.

Mabadiliko makubwa yalitokea Wales katika miaka ya 1960. Atlantic College, shule ya kimataifa iliyofunguliwa mwaka 1962 katika ngome ya St Donat's kando ya bahari, ilitumia boti za mpira kuwalinda wanafunzi waliojifunza kuendesha mashua za matanga. Pwani ya pale ni ya mawe, na sakafu za kitambaa za boti hizo zilichakaa haraka. Mkuu wa shule, Desmond Hoare, aliyewahi kuwa afisa wa ngazi ya juu katika jeshi la majini la Uingereza, pamoja na wanafunzi wake walianza kuunganisha mirija ya mpira na sakafu ya plaiwudi, kisha na mwili mgumu wenye umbo la V chini. Hivyo ndivyo ilivyopatikana boti ya mpira yenye mwili mgumu. Hoare alikabidhi haki za ubunifu huo kwa RNLI, shirika la hisani linalookoa watu baharini Uingereza na Ireland, kwa pauni 1 tu.

RNLI ilianza kutumia boti ya aina hiyo mwaka 1972 kwa jina la Atlantic 21. Ndani yake mabaharia watatu walikaa kama juu ya pikipiki: nahodha mbele nyuma ya usukani, na wenzake wawili nyuma yake. Mpangilio huo ulizaliwa kutokana na mahitaji ya mwili mgumu wenyewe. Boti ilikuwa na kasi kubwa kuliko mtu aliyekaa kwenye mrija alivyoweza kustahimili, na aliyekaa hapo alirushwa nje kwa urahisi. Karibu viti vyote vya boti za doria, za uokoaji na za wapiga mbizi vya leo vinafuata wazo hilo.

Mahali pa kuiweka

Boti inapopanda juu ya maji kwa kasi, vishindo huwa vikali zaidi omoni na hupungua kadiri mtu anavyosogea tezini. Nahodha aliyekaa nyuma ya nusu ya boti huumia kidogo zaidi kuliko aliyekaa mbele. Hata hivyo, uzito wote ukirundikwa nyuma, yaani mashine, tangi la mafuta, betri na watu, omo huinuka mno na boti huchelewa kupanda juu ya maji. Kwa sababu hiyo fundi mwangalifu hufanya jaribio kwanza: huweka magunia ya mchanga yenye uzito wa konsoli na nahodha mahali panapokusudiwa, boti ikiwa majini, na kutazama jinsi inavyoelea. Betri au tangi la mafuta huweza kuhamishiwa mbele kusawazisha.

Konsoli hukaa kwenye mstari wa mkuku au hupelekwa upande mmoja ili kuacha njia ya kupita. Kwenye boti isiyozidi mita 5, kuipeleka upande hufanya boti iinamie huko kila nahodha anapokuwa peke yake, kwa hiyo katikati ndipo pafaapo zaidi.

Vipimo huchukuliwa kwa mfano wa boksi za karatasi ngumu au plaiwudi nyembamba uliowekwa ndani ya boti halisi. Nahodha hukaa na kusimama mbele yake akiwa amevaa jaketi la kuokolea, kwa sababu jaketi hilo hubadilisha sana nafasi ya kifua na mikono. Kiti huwa kirefu kuliko kiti cha nyumbani, ili magoti yapinde kidogo tu na nyayo zikanyage sitaha sawasawa. Upana wake huwa ule ambao mapaja yanaweza kuubana. Usukani hufikiwa bila kuinama. Mkono wa gia huwekwa upande ambao hautagongwa na goti. Ndani ya kisanduku lazima ibaki nafasi ya waya wa usukani, ambao kwa kawaida hauruhusiwi kupinda kwenye duara lenye nusu kipenyo pungufu ya sentimita 20 hivi. Konsoli nyingi za kujitengenezea hushindwa hapo: sura nzuri nje, ndani waya umekunjwa hadi usukani unakuwa mgumu.

Njia mbili za kuunda

Kiwandani konsoli hutolewa kwenye kalibu. Kwanza hutengenezwa mfano kamili wa mbao uliopigwa msasa na kung'arishwa. Mfano hupakwa nta mara kadhaa, kisha juu yake hujengwa kalibu ya faiba, nene takriban mara mbili ya kitu kitakachotolewa. Kalibu ikitoka, ndani yake hupakwa nta tena, halafu hupakwa jelikoti, yaani tabaka la rangi la nje lenye unene wa karibu nusu milimita. Jelikoti ikifikia hali ya kunata bila kuacha rangi kidoleni, huwekwa mikeka ya nyuzi na resini. Kalibu moja hutoa konsoli nyingi zinazofanana, zenye uso laini tangu zinapotoka. Pande za kalibu lazima zipanuke kidogo kuelekea mdomo wake, la sivyo kilichomo hakitoki.

Kwa konsoli moja tu, kalibu ni kazi ya bure. Fundi hukata vipande vya plaiwudi ya baharini au povu gumu, huviunganisha kuwa kisanduku, hujaza pembe za ndani kwa resini iliyokorezwa, huviringisha kingo zote za nje, kisha hufunika kila upande kwa faiba. Kuviringisha kingo ni lazima. Mkeka wa nyuzi haukubali kukunjwa kwenye pembe kali. Huinuka na kuacha mfuko wa hewa, na mfuko huo hupasuka baadaye. Uso wa nje hubaki na mikwaruzo ya nyuzi, na kuulainisha kwa msasa na kijazo huchukua muda mrefu kuliko ujenzi wenyewe.

Kiasi cha vifaa hukadiriwa kwa eneo. Mkeka wa kawaida wa nyuzi zilizokatwa huwa na uzito wa gramu 450 kwa mita ya mraba, na tabaka moja likishaiva hutoa unene wa karibu milimita 1. Chukua konsoli na kiti vyenye eneo la mita 3 za mraba na matabaka matatu. Nyuzi zitakuwa kilo 4 na gramu 50. Katika kazi ya mkono nyuzi huwa takriban asilimia 30 ya uzito wote, hivyo resini itakuwa karibu kilo 9.5, na faiba yote kilo 13.5, kabla ya kuhesabu mbao, bolti na mito. Kila tabaka la ziada huongeza zaidi ya kilo 4. Badala ya kuongeza unene kila mahali, fundi mzoefu huongeza matabaka chini kwenye ukingo wa kufungia, penye usukani na chini ya makalio tu, na sehemu pana bapa hutiliwa mbavu za povu kwa ndani.

Resini na hadina

Resini ya poliesta ndiyo ya bei nafuu na ndiyo inayotumiwa zaidi kwa boti za faiba. Huganda ikichanganywa na hadina ya peroksidi kwa asilimia 1 hadi 2 ya uzito, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kilo. Siku ya joto kali kama la Mombasa au Dar es Salaam kiasi cha chini hutosha, na kopo kubwa lililochanganywa kwa pupa huweza kuganda, kufuka moshi na hata kushika moto kabla halijamalizika. Afadhali kuchanganya kidogo kidogo. Kupunguza hadina chini ya asilimia 1 nako ni kosa, kwani resini hubaki laini ndani bila kuiva kamwe.

Resini ya epoksi hushika mbao vizuri zaidi na hupitisha maji kidogo, lakini ni ghali. Haiyeyushi gundi inayoshikilia mikeka ya kawaida ya nyuzi zilizokatwa, kwa hiyo hutumiwa na kitambaa cha kioo kilichofumwa. Tena, poliesta haishiki vyema juu ya epoksi, ingawa epoksi hushika juu ya poliesta iliyopigwa msasa. Atakayeanza na epoksi aendelee nayo hadi mwisho.

Uso wa poliesta ulio wazi kwa hewa hubaki ukinata. Tabaka la mwisho hutiwa nta kidogo ndani ya resini ili lipate kukauka.

Hatari za kazi hii ni za kweli. Tone la hadina likiingia jichoni linaweza kupofusha, kwa hiyo miwani huvaliwa kabla chupa haijafunguliwa, na maji ya kunawa huwekwa karibu. Hadina na kiharakishi cha kobalti visichanganywe vyenyewe kwa vyenyewe, kwani hulipuka. Leo resini nyingi huuzwa kiharakishi kikiwa tayari ndani. Mvuke wa stairini huumiza kichwa na mapafu, na vumbi la faiba huwasha ngozi. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Inahitajika yenye vichujio vya kemikali.

Kufunga kwenye sitaha

Katika boti yenye mwili mgumu, konsoli hufungwa kwa bolti za chuma kisichoshika kutu zinazopita sitaha, na chini yake hukaa bamba la kutandaza mzigo. Skrubu za mbao hazitoshi. Kabla ya kutoboa, fundi huhakikisha kilicho chini: tangi la mafuta, nyaya, au povu la kuelea ambalo likiingiwa na maji hulowa na kuongeza uzito kwa miaka. Sitaha ya plaiwudi hutobolewa tundu kubwa kuliko bolti, tundu hujazwa epoksi, kisha hutobolewa tena katikati, ili maji yasifikie mbao. Chini ya ukingo wa konsoli hupakwa gundi laini isiyopitisha maji.

Boti inayokunjwa ina tatizo lake. Sakafu yake ni vibao vinavyoachana, kila kimoja kikicheza kivyake wimbi linapopita. Konsoli ikifungwa juu ya vibao viwili, hupasuka pale vinapokutana. Hufungwa kwenye kibao kimoja, hutengenezwa ndogo, na bolti zake huwa za kufunguliwa kwa mkono ili boti iweze kukunjwa.

Betri ndani ya konsoli hufungwa kwa mkanda na kupewa tundu la hewa. Tangi la mafuta halikai naye chumba kimoja: cheche moja ya swichi hutosha.

Kiti na mgongo

Mtu wa kilo 80 akishushwa na wimbi kwa kishindo cha mara 5 ya uvutano wa dunia, kiti hupokea mzigo kama wa kilo 400, na vishindo vikali kuliko hivyo hutokea. Uti wa mgongo huumia pingili kwa pingili. Kukaa kwa kuachanisha miguu husaidia kwa sababu magoti hufanya kazi ya springi na nahodha huweza kujiinua kabla ya pigo. Sponji laini ya godoro hudanganya: hubonyea hadi mwisho, halafu kiti kigumu hupiga. Sponji nzito yenye matundu yaliyofungwa, hata ikiwa nyembamba, hulinda zaidi. Kwa wafanyakazi, Umoja wa Ulaya kupitia agizo 2002/44/EC uliweka kikomo cha mtikisiko wa mwili mzima cha mita 1.15 kwa sekunde mraba kwa siku ya saa 8, na boti nyingi za doria zikavuka kikomo hicho. Hapo ndipo viti vyenye springi na vifyonza kishindo vilipopata soko. Anayenunua kiti cha namna hiyo hutengeneza faiba ya konsoli peke yake, na huacha nafasi ya kiti kushuka.

Kamba ya kuzima mashine

Swichi ya kuzima mashine huwekwa kwenye konsoli mahali ambapo kamba yake, iliyofungwa pajani au kwenye jaketi la nahodha, haikwami kwenye usukani. Mwezi Mei 2013, katika mlango wa mto Camel huko Cornwall, Uingereza, familia ya watu sita ilirushwa majini kutoka boti ya mpira yenye mwili mgumu. Boti iliendelea kuzunguka bila mtu na kuwagonga, wawili walikufa. Uchunguzi ulionyesha kuwa kamba haikuwa imefungwa kwa nahodha. Swichi ikiwekwa mbali au chini ya dashibodi, watu huchoka kuifunga, kwa hiyo mahali pake huamuliwa wakati wa mfano wa karatasi, kabla ya tundu lolote kutobolewa. Kamba ya akiba huning'inizwa ndani ya kisanduku, ili anayebaki botini aweze kuwasha mashine na kumrudia aliyeanguka.