Niliposema "fis"

Wasee, hii stori ni ya sh. Nilitoka Homa Bay nikaingia shule mpya Migori mjini nikiwa darasa la sita. Nikasimama kusoma, fish ikatoka "fis". Darasa likaangua kicheko. Kijaluo hakina sauti ya sh, sasa ningeitoa wapi?

Nilipokua nikaifuatilia hiyo sh. Waingereza wa kale waliandika samaki fisc, na meli scip. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, tahajia ikaanza kubadilika, polepole sc ikawa sh. Kabla ya hapo Waviking walikuwa wameleta sk yao. Ndiyo maana shirt na skirt asili yake ni neno moja, nguo fupi. Moja ikapanda kifuani, nyingine ikashuka kiunoni. Hata short ni ndugu yao.

Lakini neno lililonishtua ni shibboleth. Limetoka Kiebrania, suke la nafaka. Soma Waamuzi 12: Wagileadi walishika vivuko vya Yordani, kila anayetaka kuvuka anaambiwa alitamke. Mwefraimu akisema "sibolethi", anauawa palepale. Biblia inataja watu 42,000. Leo kwa Kiingereza ni neno lolote la kumpima mtu kama ni wenu. Na nyinyi bado mnatengeneza klipu za kucheka s zetu!

Eti na th je? Sisi tunayo kitambo: thum ni muziki, thuol ni nyoka. Walionicheka wengi walikuwa wakisoma three wanasema "tri". Siku hiyo hakuna aliyecheka.