TAUNI LUSHOTO: Kijidudu kinajuaje kimeingia kwa binadamu?

Leo siasa naziweka pembeni kidogo. Bibi yangu hupenda kusimulia enzi za tauni huku kwetu milimani: panya wanakufa ovyo ndani ya nyumba, halafu watu nao wanaanza homa na mitoki. Mimi nikabaki na swali: kiroboto ana ubaridi, binadamu ana joto. Kijidudu kimoja kinawezaje kote kuwili? Nimepekua, na haya ndiyo niliyoyapata.

TAUNI HUKU KWETU
Ugonjwa huu uliingia wilaya ya Lushoto mwaka 1980, ukawa unarudirudi hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Zaidi ya watu 7,000 waliugua na zaidi ya 600 wakafariki. Kijidudu chake ni bakteria aitwaye Yersinia pestis, aliyegunduliwa na Alexandre Yersin kule Hong Kong mwaka 1894.

RNA FUPI NI NINI?
Waliosoma baiolojia mnakumbuka: jeni zimeandikwa kwenye DNA. Jeni ikitakiwa kazini inatolewa nakala, yaani RNA mjumbe, na ribosomu zinaisoma nakala hiyo na kutengeneza protini. Sasa zipo RNA nyingine fupi, nyingi zina herufi kati ya 50 na 500. Nyingi hazitengenezi protini yoyote. Kazi yake ni kujibandika kwenye RNA mjumbe. Ikijibandika pale ribosomu inapoanzia kusoma, protini haitengenezwi. Nyingine hufanya kinyume: zinaikunjua nakala iliyojikunja ili isomeke.

KWENYE TAUNI
Ndani ya kiroboto, bakteria hujenga utando unaoziba njia ya chakula. Kiroboto anabaki na njaa, anauma kila anayemkuta, na kila aking'ata anatema vijidudu kwenye kidonda. Vikifika kwenye joto letu la nyuzi 37, mambo yanageuka: vinaunda kitu kama sindano na kuzidunga chembe za kinga ya mwili protini za kuzilemaza.

Nani kawaambia? Kwanza joto lenyewe. RNA mjumbe ya protini LcrF, ambayo ndiyo huwasha jeni za sindano, ni kama kipimajoto: kwenye ubaridi imejikunja, kwenye joto inafunguka. Pili RNA fupi. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walionesha kuwa moja yake, Ysr141, husaidia kutengenezwa kwa YopJ, mojawapo ya protini zinazodungwa. Tena bakteria wakinyimwa Hfq, protini inayosaidia RNA fupi kujibandika, makali yao kwa panya wa maabara yanapungua sana.

INATUHUSU NINI?
Wanasayansi wanatafuta dawa ya kuzima swichi hizi, ila ya tauni bado haijafika hospitali. Habari njema ni kwamba streptomaisini, jentamaisini na doksisaiklini zinatibu, mradi uwahi. Tauni ya mapafu isipotibiwa mapema huua karibu kila mgonjwa. Kongo na Madagaska wanaijua hadi leo.

Kwa hiyo mdau, ukiona panya wanakufa ovyo usiwashike, toa taarifa. Homa kali na mtoki? Zahanati siku hiyohiyo. Swichi ya kijidudu haisubiri kesho, na wewe usisubiri.

Mwenye swali au nyongeza atupie hapo chini. Nawasilisha.