Gobore la babu si chuma chakavu

Huko Marekani wako watu wanaokusanya bastola za gumegume, zile ambazo baruti yake huwashwa kwa cheche za jiwe. Kwao ni kumbukumbu ya vita vya uhuru wao, 1775 hadi 1783.

Na sisi je? Mwaka 1833 Sayyid Said alifunga mkataba na Mmarekani Edmund Roberts. Wamarekani waliruhusiwa kuuza bunduki na baruti katika bandari zake. Unguja tu ndiko walikotakiwa kuiuzia serikali peke yake. Kutoka pwani, silaha zikaingia bara pamoja na misafara ya pembe na watumwa.

Kwa hiyo nasema: mzee wa Mkula, chini ya milima ya Udzungwa, akisalimisha gobore la babu yake polisi, lichunguzwe kwanza. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Gobore la jangili liteketezwe, sina ubishi. La kale liende makumbusho. Tukiliyeyusha, wajukuu watamwuliza nani bunduki zilifikaje Kilombero?