Injini ya kwanza kwa michezo ya kompyuta yenye fizikia nyingi
Injini ya mchezo wa kompyuta ni programu inayochora picha na kukokotoa mwendo, uzito na migongano ya vitu. Kwa michezo yenye fizikia nyingi, anayeanza hushauriwa kupima kwanza ukokotoaji huo. Kipimo chepesi ni rundo la masanduku: yakitetemeka au kupenyana, kasoro ipo.

Unity hutumia PhysX kwa michezo ya pande tatu na Box2D kwa ya pande mbili. Unreal Engine 5 hutumia Chaos, ila huhitaji kompyuta yenye nguvu. Godot hutolewa bure. Toleo lake la 4.4, la mwaka 2025, liliongezewa Jolt.

Masharti nayo yasomwe mapema. Mwaka 2023 Unity ilitangaza ada ya kila usakinishaji, ikaifuta mwaka 2024 kufuatia malalamiko ya watengenezaji.