Jinsi madini yenye faida yanavyotambuliwa

SI kila mwamba wenye madini unaofaa kuchimbwa. Jiwe au mchanga huitwa mtapo pale tu madini yaliyomo yanapoweza kulipia gharama ya kuyatoa na kubakisha faida.

Macho pekee hayatoshi. Pairaiti hung'aa kama dhahabu na imewahadaa wachimbaji wengi. Lakini ikipigwa nyundo huvunjika vipande, ilhali dhahabu halisi hupondeka na kuwa bapa.

Kwa hivyo, wanajiolojia huanza na ramani za miamba, kisha hupima sampuli za udongo katika maabara. Matokeo yakiridhisha, huchoronga mashimo ili kujua madini yameenea wapi, yamo kina gani na ni asilimia ngapi ya mwamba. Hatimaye hupigwa hesabu ya bei sokoni, maji, umeme na barabara.

Kwale ni mfano mzuri. Mchanga wake ulitoa ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Shehena ya kwanza ilisafirishwa mwaka wa 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024 mtapo wenye faida ulipokwisha.

Mwenye shamba hana budi kuyajua haya kabla ya kutia sahihi. Chini ya Sheria ya Madini ya 2016, madini ni mali ya taifa, lakini idhini ya mwenye ardhi huhitajika. Aidha, sheria hiyo hutengea kaunti asilimia 20 ya mrabaha na jamii husika asilimia 10.