Stempu Moja, Majina Matatu

Stempu ya posta ni hati ndogo ya dola: huthibitisha kuwa ada imelipwa, na hutangaza jina la nchi kila barua inapofika. Kwa hiyo nchi zinapokubali kuandika majina yao pamoja juu ya stempu moja, jambo hilo lastahili kuchunguzwa na mwanahistoria.

Mfano ulio wazi ni wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Chini ya utawala wa Waingereza, posta zao ziliunganishwa mwaka 1933, na tangu 1935 zikawa na stempu za pamoja. Baada ya uhuru kila nchi ilitoa stempu zake za kawaida, ambazo hata hivyo zilipokelewa katika nchi zote tatu. Zile za ukumbusho zilibaki kuwa za pamoja, na mpangilio wa majina ulibadilika-badilika, hata hapakuwa na nchi iliyotangulia daima. Stempu za miaka 10 ya uhuru wa Tanzania Bara (1971), wa Uganda (1972) na wa Kenya (1973) zilibeba majina yote matatu: uhuru wa mmoja ulisherehekewa kwa jina la wote.

Hapo ndipo swali linapozuka. Tangu Idi Amin atwae madaraka mwaka 1971, Nyerere alikataa kuketi naye, na baraza la marais watatu likaacha kukutana. Mwezi Septemba 1972 wapinzani wa Amin waliingia Uganda kutoka Tanzania, na ndege za Uganda zikashambulia Bukoba. Mapatano ya Mogadishu yalifikiwa Oktoba, mwezi uleule wa sherehe za uhuru wa Uganda. Majina yalikaa pamoja juu ya karatasi, ilhali wenye majina hawakuketi pamoja. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na stempu za pamoja zikakoma.

Je, stempu zile zilisema uongo? La. Umoja wake haukuwa katika picha, bali katika kazi: barua yenye stempu ya Tanzania ilipokelewa katika posta ya Kisumu bila swali. Kazi hiyo iliendelea miaka kadhaa baada ya wakuu kutengana.

Somo hili latuhusu. Kongo ilijiunga na Jumuiya mpya mwaka 2022, huku vita vikiendelea mashariki mwa nchi. Alama za udugu tutachorewa nyingi; tuzipime kwa yale ambayo mwananchi ataweza kuyapata dirishani.