Mwendokasi

Ukitaja mwendokasi jijini Dar es Salaam leo, wengi watafikiria mabasi ya njia maalumu yaliyoanza kazi 2016. Lakini neno hili, lililounganisha mwendo na kasi, lilikuwa darasani kabla ya kufika barabarani: umbali ukigawanywa kwa muda. Basi likienda kilomita 10 kwa dakika 20, mwendokasi wake ni kilomita 30 kwa saa.

Kwenye grafu ya umbali na muda, mwendokasi ndio mteremko wa mstari. Hapo wanafunzi wengi hupotea, na neno mteremko lina sehemu yake ya lawama: mtoto huona mstari unapanda, akadhani basi linapanda mlima. Sivyo kabisa. Mstari uliosimama zaidi ni basi lenye kasi zaidi. Uliolala ni basi lililotulia kituoni huku muda ukiendelea. Unaoshuka ni basi linalorudi lilikotoka. Na ukinyooka bila kupinda, kasi haijabadilika.

Walimu, msianze na kanuni. Mpeni mwanafunzi grafu, kisha mwambieni asimulie safari.